Babu Hajawahi Kumwona Mama

Bondeni, Kyela
14 Februari 1994

Mpendwa shangazi Veronika,

Natanguliza neno kabla ya salamu, unisamehe, kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama barua nilizoandika na kuzichana wiki hii. Neno lenyewe ni hili, na sijamwambia mtu mwingine yeyote: Babu Hezroni hajawahi kumwona mama. Yale yote anayomwandikia daktari wa saratani huko Dar es Salaam, kwamba amemkagua mgonjwa, kwamba kovu limepona, kwamba kwapani hakuna kitu, hakuyaona yeye. Ni mimi niliyeyashika.

Sasa nakusalimu. Ugonile, shangazi. Shikamoo. Sisi tunaendelea. Baba yuko Karonga, amepeleka mchele, atarudi na sukari na vitenge kama hawatamsumbua mpakani. Ipyana ameingia darasa la tano na anakula kama mvunaji. Mimi nipo nyumbani tu, nasubiri matokeo ya kidato cha nne. Mama anameza vidonge vyake kila asubuhi. Mkono wa upande uliopasuliwa huvimba akichota maji, basi nachota mimi.

Wewe ni binti wa nyumba hii, huhitaji kufundishwa kwamba mkamwana haonani na baba mkwe. Tangu aolewe, mama akisikia kikohozi cha Babu njiani huingia migombani hadi apite. Babu Hezroni ni mdogo wake babu mzaa baba, kwa hiyo kwa mama ni baba mkwe yule yule, awe na koti jeupe au asiwe nalo.

Ulipomsindikiza mama mwaka jana baada ya mionzi, alikuja na bahasha ya Daktari Maria iliyoandikwa kwa tabibu wa nyumbani. Baba aliipeleka kwa Babu. Alisema Babu ni damu yetu, tena tangu serikali iruhusu watu kufungua zahanati zao, ya kwake ndiyo yenye dawa hapa Bondeni. Mwanzoni haikuwa vibaya. Alikuwepo muuguzi wake, Anyisile, aliyemkagua mama chumba cha nyuma, na Babu akiandika. Kisha Anyisile akaolewa Chunya. Mama akasema hataki muuguzi mwingine. "Titi langu halitazungushwa Kyela nzima," ndivyo alivyosema. Babu akanigeukia mimi.

Inakuwa hivi. Babu anakaa mezani kwake. Kati ya meza na chumba cha nyuma kuna pazia la kitenge. Mama anaingia kwa mlango wa uani, amejifunika, anaketi kitandani akilipa pazia mgongo. Babu anauliza, mimi nashika na kujibu. Unanijua nilivyo. Darasani nilikuwa nikijibu swali kwa kunong'ona hadi mwalimu anasogea na kuinama. Sasa natakiwa kuutaja mwili wa mama yangu kwa babu yangu, kwa sauti ya kuvuka pazia.

"Mjukuu, kwapani kukoje?"

"Hakuna kitu, Babu."

"Sema kwa nguvu, mvua inapiga bati!"

Nikapaza sauti. Nje kwenye benchi alikuwepo bibi mmoja muuza ndizi, nikamsikia akimwambia mwenzake, "Huyu binti anamnadi mamaye kama kuku wa mnadani." Wakacheka. Mama alinishika kidole akakiminya, sikujua kama ni kunitia moyo au kuniambia niache.

Babu akimaliza husoma alichoandika: "Nimemkagua mgonjwa." Kila mara nangoja aongeze kwamba mikono ilikuwa ya mjukuu wake. Haongezi. Si mwongo, shangazi. Nadhani anasema hivyo kama mtu anavyosema amelima shamba, ilhali waliolima ni ng'ombe.

Je, Daktari Maria anajua? Na siku ya kuagana alikwambia nini? Mama hasemi.

Mwanao,
Anyes


Temeke, Dar es Salaam
20 Machi 1994

Mwanangu Anyes,

Marahaba. Barua yako imetembea kuliko mimi. Yule kondakta uliyempa aliisahau kwenye koti lake, akaenda nayo Tanga kumzika mjomba wake, akarudi nayo ikinuka samaki. Lakini imefika.

Hapa tunahangaika na maisha. Nilikiacha kiwanda kabla hakijaniacha, maana wenzangu wengi wamerudishwa nyumbani. Sasa nauza mashuka ya mtumba. Kila unayekutana naye Dar siku hizi ni mfanyabiashara, wa kununua ndiye haonekani. Nakutumia mashuka mawili kwa ajili ya mama yako, jeupe lina doa moja dogo, aliweke upande wa miguuni.

Nilipofika pale pa Babu na pazia, niliketi. Mwanangu, mimi nilidhani ugonjwa ukiingia ndani, mila hukaa barazani kungoja. Miaka ya Dar imenisahaulisha wifi Marta ni mtu wa namna gani. Na baba mdogo Hezroni namjua tangu anifundishe kusoma. Ni mtu wa kuvua kofia hata akipita kanisa lililofungwa.

Juzi nilikwenda hospitali kuchukua vidonge vya mama yako. Daktari Maria alikuwa na barua ya baba mdogo mezani. "Huyu tabibu wenu anaandika vizuri," akaniambia. "Wengi nikiwaandikia hawajibu. Mgonjwa akiondoka hapa ni kama ameingia ziwani, nitamwona siku ameelea. Huyu ananijibu kila mwezi." Barua yako ilikuwa ndani ya pochi yangu, hapa mapajani. Nikasema asante, daktari. Akaendelea kusifu, nikasema asante tena. Nilitoka pale natokwa na jasho, wala haikuwa joto la Dar.

Unauliza aliniambia nini siku ya kuagana. Aliniambia mengi, na mengine si ya kwenye barua. Wewe mwangalie mama yako asibebe ndoo. Na mwambie Babu, kwa heshima, aandike jinsi mambo yanavyofanyika. Ukishindwa, mwambie baba yako aseme.

Ila nijibu hili moja: humo mlimo na pazia lenu, umewahi kushika kitu?

Shangazi yako,
Veronika


Bondeni, Kyela
2 Mei 1994

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika, mashuka pia. Mama aliliona doa, akacheka, akasema hata mashuka ya Ulaya yana kovu. Alitandika lile jeupe siku hiyo hiyo. Ndaga fijo, asante sana.

Nimechelewa kujibu kwa sababu ya maji. Mto umetoka kingoni, uani kwetu bata wa jirani wanaogelea. Tumelala wote chumba kimoja juu ya magunia, baba akikoroma na Ipyana akimwigiza. Njia ya bandari ya Itungi haipitiki, usipa, dagaa wetu wa ziwani, hawaji sokoni, tunakula ndizi asubuhi na ndizi jioni. Mpunga wa bondeni umelala. Ule wa juu umeokoka na umeanza kushika punje.

Matokeo yametoka. Nimefaulu, daraja la tatu. Beatrice, yule rafiki yangu uliyemwona kwaya ya Krismasi, alikuja kuniaga na sanduku lake. Anakwenda Mbeya kwa mjomba wake kutafuta nafasi chuo cha uuguzi, akataka twende pamoja. Baba akauliza, "Ukienda, nani atasimama nyuma ya pazia? Mimi? Ipyana?" Ipyana akajifunga kanga ya mama, akaita kwa sauti nyembamba, "Hakuna kitu, Babu!" Tukacheka wote, mama zaidi ya wote. Kisha nikatoka nje kuyaangalia maji. Beatrice alikuwa ameshafika barabarani, amebeba viatu mkononi.

Nilimwambia Babu kama ulivyonituma. Nilisubiri wagonjwa waishe nikasema, "Babu, huko Dar wanajua kwamba ni mimi?" Alivua miwani akaifuta kwa muda mrefu. Akasema, "Mjukuu, mimi si daktari, ni tabibu wa zahanati. Yule mama ni bingwa. Nikimwandikia kwamba namwogopa mgonjwa wangu, atasema huyu mshamba ni wa nini, na hataniandikia tena. Asiponiandikia, mama yako atabaki na nani?" Baba sikumwambia. Baba akianza kusema, husikika hadi Karonga.

Mwezi wa nne tulikwenda kama kawaida, tumevua viatu, maji yako magotini. Babu aliuliza, nikajibu, akaandika.

Mama ameanza kuimba tena kwaya. Amenenepa kidogo usoni. Jana alinisuka nywele kwa mkono ule mzima, na ule mwingine ukishika tu, akaniambia nikiolewa nisije nikaolewa mbali.

Kuhusu lile uliloniuliza.

Nauliza tu, shangazi. Mtu akishika kitu kidogo sana, kama punje ya mpunga chini ya ngozi, ni lazima kiwe kibaya? Na kama mgonjwa mwenyewe alimtazama mtu huyo, akatikisa kichwa kumaanisha usiseme, na pazia lipo, na Babu anangoja jibu, mtu huyo angefanyaje?

Mwanao,
Anyes


Temeke
21 Mei 1994

Anyes,

Salamu baadaye, wewe ndiye uliyenifundisha.

Huulizi tu. Ipo. Na mimi nilikuficha, basi tusilaumiane.

Siku ya kuagana Daktari Maria alinitoa hadi kwenye korido, akaniambia ugonjwa ulikuwa umeshaingia kwenye tezi za kwapani hata kabla ya kupasuliwa. Akasema kikitokea kitu kwapani au juu ya kovu, mgonjwa aletwe upesi, bado kuna la kufanya. Akichelewa, hakuna. Hayo aliyaandika pia kwenye bahasha ya baba mdogo, ndiyo maana kila mwezi anakuuliza kwapa kwanza. Mama yako aliyasoma usoni mwangu nilipotoka koridoni. Akanishika mkono: "Wifi, watoto wasijue." Nikanyamaza. Kumbe naye akakunyamazisha wewe. Tumenyamaza wote, kila mtu kwa heshima yake, na punje inakua.

Nilipoipata barua yako sikufungua biashara. Nilikwenda hospitali, nikangoja hadi mchana, nikamwambia Daktari Maria kila kitu.

"Kwa hiyo ni nani amekuwa akiniambia kwapa ni safi?"

"Binti, daktari. Binti wa mgonjwa."

"Amesomea wapi?"

"Amemaliza kidato cha nne."

Hakufoka. Alitoa barua zote za baba mdogo kwenye faili, akazipanga mezani, akazitazama kama mtu aliyeuziwa kitenge kikamchujia. Akasema, "Kumbe nimekuwa nikiandikiana na pazia."

Nilimweleza mila yetu. Kwao ni mbali, kwenye ziwa jingine, lakini alinisikiliza. Akasema, "Mambo kama hayo kwetu pia yapo. Na mimi nina langu. Nilimtumia huyu mzee maagizo kila mwezi, sikuwahi kumuuliza swali hata moja: unamkaguaje? Una nani? Unashindwa wapi? Nilipenda mwandiko wake nikatosheka."

Nikamwambia basi nitatuma nauli, wifi aje. Akaniuliza kama atakuja. Nikafikiri, nikasema ukweli. Namjua Marta. Hatapanda gari kwa neno la mtoto wake wala kwa neno la wifi yake. Baba yako akimlazimisha, atalia njia nzima na kurudi akifika Mbeya. Kwa neno la baba mkwe atapanda. Na baba mkwe hana neno, kwa kuwa hajaona.

"Nitazungumza naye mwenyewe," akasema daktari. Atapiga simu posta ya Kyela Jumatano ya kwanza ya Juni, asubuhi. Mwambie Babu awepo. Mwambie tu kwamba bingwa anataka kuzungumza naye, asije akaugua siku hiyo.

Sasa salamu. Sisi wazima. Msalimie Ipyana, mwambie kanga ya mama yake si ya mchezo.

Veronika


Bondeni, Kyela
12 Juni 1994

Mpendwa shangazi,

Shikamoo. Maji yamerudi mtoni, yameacha tope na kambale mmoja chini ya kitanda cha Ipyana, ambaye amelia kwa kuwa tumemla. Mavuno yameanza kule juu. Baba alikwenda Karonga, akarudi jana. Haya niandikayo yalitokea alipokuwa huko, na nakuomba uyasome ukiwa peke yako.

Babu alikuja posta amevaa koti lake la kanisani. Karani alipomkabidhi simu, aliishika mbali na sikio kama kitu cha moto, kwa hiyo nilisikia yote, na waliopanga foleni ya stempu walisikia nusu.

"Tabibu Hezroni, poleni na mafuriko."

"Yamepungua, daktari."

"Mgonjwa wetu?"

Babu alitazama ukuta. Nilidhani atasema anaendelea vizuri. Akasema, "Daktari, mgonjwa huyu ni mkamwana wangu. Kwa mila yetu mimi simwoni. Nilikuandikia kama niliyeona. Unisamehe."

"Nimeshaambiwa, mzee wangu. Sikupiga kukugombeza. Ningekuuliza mapema, ungenijibu. Sasa nakuuliza. Hicho kitu kwapani kikoje? Kinateleza chini ya kidole au kimeng'ang'ania? Ni kimoja?"

Ndipo Babu alipojua kwamba kipo. Hakunigeukia. Akasema, "Mjukuu wangu anajua, yupo hapa, ngoja nimuulize."

"Mjukuu wako apumzike, tabibu. Amechoka."

Shangazi, nililia. Pale pale posta, mbele ya foleni ya stempu. Tangu haya yaanze hakuna aliyewahi kusema kwamba nimechoka, hata mimi mwenyewe.

Daktari Maria alisema akipata barua yenye macho ya Babu, atatafuta kitanda. Akampa namba ya wodini na saa anazopatikana. Akasema, "Ukiwa na shaka, usiniandikie maneno mazuri. Nipigie uniambie una shaka. Nami nitakuuliza kabla ya kukuagiza." Babu alikuwa akiitikia kwa kichwa, kana kwamba anaonekana. Kisha laini ikakatika, ikabaki kuvuma kama nyuki.

Njiani alitembea mbele yangu. Tulipofika darajani akasimama. "Alitikisa kichwa, siyo?"

"Ndiyo, Babu."

"Siku ile ulikawia kujibu. Nilisikia unavyokawia. Nikaandika hivyo hivyo." Akaendelea kutembea.

Kesho yake nilikuwa jikoni na mama tunamenya ndizi. Ipyana nilikuwa nimemtuma mashine kukoboa mpunga. Tukasikia kikohozi migombani. Mama akadondosha kisu, akavuta kanga, akaelekea mlango wa nyuma kama alivyofanya maisha yake yote ya ndoa. Nikasimama mlangoni.

"Anyes, nipishe. Babu yako huyo."

"Najua, mama."

"Nipishe, nasema!"

"Sipishi."

Sijawahi kumkatalia mama kitu. Alinisukuma kwa mkono ule mbovu, ukauma, akaguna. Hapo Babu akazungumza akiwa nje ya ukuta wa mianzi. Hakusema "mwambie mama yako", kama asemavyo siku zote. Alisema, "Mama Anyes. Ni mimi. Nimekuja kama tabibu, na sina mwingine wa kumtuma."

Mama aliketi pale pale chini, kwenye maganda ya ndizi. Nilimwinua, nikamwingiza chumbani, nikamlaza. Alijifunika kanga kichwa na uso wote, akaacha bega na kwapa tu, kama mtu aliyekwisha kufa upande mmoja. Babu akanawa kwenye beseni, akapasha mikono yake kwapani mwake mwenyewe ili isiwe ya baridi, akaingia akitazama sakafu. Kisha akainua macho.

Hakukawia. Vidole vyake vilijua njia. Akakichukua kidole changu akakiweka mahali. "Yako ni hii?" Nikasema ndiyo. Akakisogeza juu zaidi, ndani kabisa ya kina cha kwapa, akakibonyeza. "Na hii?"

Hiyo sikuwa nimeifikia, shangazi. Miezi yote hiyo. Ilikuwa kubwa kuliko ya kwangu, na haikuteleza.

"Mama Anyes," akasema Babu, "inauma nikibonyeza?"

Kanga ilikuwa ikipanda na kushuka kwa pumzi yake. Nikafungua mdomo nijibu kwa niaba yake, kwa mazoea. Babu akaninyooshea kidole ninyamaze.

"Hapana, baba," mama akasema chini ya kanga.

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyomwambia tangu aingie katika ukoo huu. Babu aligeuka akatazama dirishani.

"Inabidi urudi Dar. Mapema. Utakwenda?"

"Kama wewe umeona, baba, nitakwenda."

Aliandika barua ya Kiingereza hapo hapo mezani petu, akanisomea kwa Kiswahili. Ameandika kwamba siku za nyuma aliyekuwa akikagua ni mjukuu, na kwamba leo amekagua yeye kwa macho na mikono yake. Ameandika ni mbili, akataja kila moja ilipo na ilivyo. Mwishoni akaandika, "Hii ya pili sijui imekuwepo tangu lini, na nina hofu." Nilimtazama. Akasema, "Ametaka shaka yangu, nimempa." Kisha akatoka kupitia migombani, kama mwizi wa kuku, na koti lake la kanisani.

Baba ameambiwa tu kwamba Babu ameagiza mama arudi Dar. Atamsindikiza Alhamisi kwa basi hadi Mbeya, kisha mama atapanda treni peke yake. Mpokee stesheni. Atakuwa na kikapu cha mchele, usimwache akibebe. Barua ya Babu kwa daktari imo ndani ya Biblia yake. Hii yangu naitia posta leo, ili isisafiri naye.

Mimi nabaki na Ipyana na mavuno. Beatrice ameniandikia kwamba amepata nafasi, anavaa gauni la bluu. Nilidhani siku Babu atakapomwona mama mimi nitatoka nyuma ya pazia. Kumbe nimeingizwa ndani zaidi. Babu amesema mama akirudi atakuja tena kwa njia ya migombani kumkagua, na kesho yake tutakwenda zahanati kama zamani, nami nitasimama nyuma ya kitenge na kupaza sauti, ili walio kwenye benchi wasikie kwamba mila ipo. Nitatangaza yaliyokwisha kuonekana. Nilimuuliza hadi lini. Akasema, "Mjukuu, hadi mama yako apone." Hakusema lile neno jingine, wala mimi sikulisema.

Ndiyo maana nakuomba, shangazi. Daktari Maria aambiwe kila kitu, hata hofu. Lakini huku kwetu wakijua, hawatasema ni saratani. Mama akizidiwa huko, au Mungu apishe mbali akirudishwa ndani ya sanduku, watasema hakuuawa na ugonjwa, ameuawa na macho ya baba mkwe wake. Babu hatakuwa na pa kukaa kwenye msiba, na baba atakuwa wa kwanza kumwondoa. Na mama mwenyewe, akipona, hataweza kupita sokoni.

Watu wa Kyela wako kila mahali, hata Temeke, na hawakosi kuuliza. Wakikuuliza ni nani aliyezigundua zile mbili, usilitaje jina la Babu. Sema ni vidole vya Anyes, zote mbili, nyuma ya pazia, na kwamba hukuambiwa zaidi ya hapo.

Mwanao,
Anyes